Uzi maalum: kuchoma CD na DVD kwenye Linux, programu ipi kwa kazi ipi

FundiWaGeti

Wakuu habarini za jioni. Tangu Microsoft wasitishe huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 napokea mashine nyingi sana za studio na stesheneri ambazo Windows 11 haizitaki, prosesa ya zamani, TPM (chipu ya usalama) hakuna, na mwenye nayo hana hela ya kununua nyingine, kwaiyo tunampigia Mint au Xubuntu, ambazo ni aina za Linux, na mashine inakuwa nyepesi anafurahi. Printa inakubali, LibreOffice ipo, intaneti inafunguka. Baada ya hapo simu inapigwa: fundi, Nero iko wapi humu? Maana wengi wa hawa ni watu wa DVD za harusi, kwaya, mawaidha na mahafali, bila kuchoma hakuna mkate. Nimeona niweke uzi mmoja ulioshiba ili mtu akikwama aje hapa.

Nianze na hiyo Nero, ile programu ya kuchomea diski waliyoizoea kwenye Windows. Nero ya Linux iliwahi kuwepo, ilikuwa ya kulipia, na waliachana nayo zamani. Msiitafute, na wala msihangaike kuingiza ile ya Windows kwa Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux), kazi yote inafanyika vizuri na programu za bure zilizopo kwenye hazina ya mfumo wenyewe.

Sasa kuna jambo moja ukilielewa mengine yote yanakuwa mepesi. Zile programu zenye madirisha na vitufe, K3b, Brasero, Xfburn, haziongei na draivu moja kwa moja. Zinakusanya mafaili yako, zinakuuliza spidi, zinakuuliza jina la diski, halafu kazi yenyewe zinamkabidhi mchomaji aliyeko nyuma ya pazia ambaye hana dirisha. Wachomaji wenyewe ni wachache: cdrecord, wodim, cdrskin, growisofs, cdrdao, na maktaba inaitwa libburn. Kwaiyo mtu akikwambia Brasero mbovu hamia K3b, muulize kwanza nyuma yake alikuwa anachoma nani, maana unaweza kubadili dirisha mara tatu na mchomaji akawa yule yule.

Na hapa kuna historia kidogo ambayo ina maana kwenye kazi. Baba wa haya mambo ni Mjerumani Jörg Schilling, ndiye aliyeandika cdrecord miaka ya 90, programu zake kwa pamoja zinaitwa cdrtools. Mwaka 2006 yeye na watu wa Debian wakavutana kuhusu leseni, Debian (aina ya Linux ambayo Ubuntu na Mint zimetokana nayo) wakachukua kodi, yaani msimbo wa programu, ya zamani wakaanzisha ya kwao inaitwa cdrkit, humo ndimo mlimo wodim na genisoimage. Shida ni kwamba cdrkit toleo lake la mwisho ni 1.1.11 la mwaka 2010. Yaani ukiwa na Ubuntu au Mint ya leo na ukaweka wodim, unatumia kitu ambacho hakijaongezewa jipya tangu 2010. Kwa CD haina neno kabisa. Kwa DVD uwe makini, kwa Blu-ray achana nayo.

Upande mwingine kuna mradi wa libburnia, huu uko hai, ndio wenye libburn, cdrskin na xorriso. cdrskin imetengenezwa makusudi ielewe amri zile zile za cdrecord, kwaiyo inakaa mahali pa wodim bila fujo. Mimi kila mashine ninayoikabidhi lazima niweke hizi:

sudo apt install xorriso cdrskin growisofs cdrdao

Sasa madirisha. Kama kazi yako ni ya studio, unachoma kila siku, weka K3b. Ni ya KDE, moja ya mazingira ya dawati ya Linux, kwaiyo ukiwa na mengine kama Cinnamon au Xfce itavuta na maktaba za KDE, andaa bando maana ni mamia ya MB. Ila ndiyo iliyokamilika kuliko zote: CD ya muziki yenye majina, DVD ya video, kunakili diski, kuhakiki baada ya kuchoma, vyote viko sehemu moja. Ukienda kwenye mipangilio yake sehemu ya Programs inakuonyesha wachomaji iliowaona kwenye mashine na matoleo yao, hapo huhitaji kubahatisha nani yuko nyuma.

Brasero ni ya GNOME, rahisi, mtu wa kaunta anaijua ndani ya dakika tano. Ila haitunzwi kwa bidii siku hizi, na ina plagini nyingi zinazogombania kazi moja. Ukiifungua nenda kwenye orodha ya plagini uone ni ipi imewashwa, libburn, cdrkit au growisofs. Ikikusumbua mara nyingi dawa ni kuzima moja na kuacha nyingine, sio kuifuta.

Xfburn ni nyepesi mno, inatumia libburn tu, inafaa kwa mashine ya RAM ndogo na kwa mtu anayechoma mafaili, muziki wa kawaida na ISO (faili moja lililobeba diski nzima). DVD ya video kwa ajili ya deki haitengenezi. Sababu yake ntaieleza mbele maana najua watu wa harusi watauliza.

Karibuni na maswali.

kwaya_tenor

Asante sana mkuu kwa huu uzi, umekuja muda muafaka. Sisi kwaya yetu bado tunauza CD, wazee wengi wa usharika wana redio za CD nyumbani na kwenye gari. Nimechoma kwa Brasero nyimbo zipo kwenye MP3, kwenye laptopu inapiga, kwenye redio ya mchungaji inaandika "no disc", kwenye gari la katibu inapiga. Tena kuna ibada tulirekodi mfululizo, kati ya wimbo na wimbo inakata sekunde mbili inaharibu kabisa. Shida diski au programu?

FundiWaGeti

Mkuu kwaya_tenor hapo sio diski na sio programu, ni aina ya kazi uliyochagua pale mwanzo. Ulichagua Data, ukapata diski ya mafaili. Gari la katibu linajua kusoma MP3, redio ya mchungaji ni ya zamani inajua CD ya muziki peke yake. Unatakiwa uchague Audio. Ukichagua hiyo programu inageuza MP3 zako kuwa sauti ghafi ya 44,100 Hz, biti 16, chaneli mbili, na hapo hesabu inakuwa ya dakika, sio ya MB. Diski ya 700 MB inabeba dakika 80 tu hata kama MP3 zako zote ni MB 90. Na kama mna rekodi halisi ya WAV au FLAC kutoka studio tumieni hiyo, msigeuze kutoka MP3, ubora uliopotea kwenye MP3 haurudi.

Zile sekunde mbili zinatokana na namna ya kuchoma. Kuna TAO, ambayo inachoma wimbo mmoja, inasimamisha mwali wa leza, inaanza mwingine, na kuna DAO, wengine wanaiita SAO, ambayo inachoma diski nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa ibada ya mfululizo chagua DAO halafu kwenye K3b weka pengo la kila wimbo liwe sifuri. DAO hiyo hiyo ndiyo inayokuruhusu kuandika CD-Text, yaani jina la kwaya na jina la wimbo vitokee kwenye kioo cha redio ya gari, ingawa sio kila redio inasoma.

Spidi msikimbilie 52. Mimi CD za kuuza nachoma kwa 16 hadi 24. Redio za zamani zenye lenzi iliyochoka zinaona tofauti.

kwaya_tenor

Sawa mkuu, na ile ya kushuka kabisa hadi 1x? Kuna fundi alituambia ukichoma pole pole ndio inakaa milele.

FundiWaGeti

Hiyo ilikuwa na ukweli zamani enzi za diski za mwanzo. Diski za sasa zimetengenezwa kwa spidi kubwa, rangi yake inahitaji nguvu ya leza ya kiwango hicho, ukishuka sana unaweza hata kupata makosa mengi zaidi, na draivu nyingi hata hazikubali 1x, ukiiambia moja inachagua ya chini kabisa inayoweza. Chukua ya katikati. DVD ya 16x choma kwa 4 au 8.

SandukuLaPicha

Mimi ndio yule wa harusi uliyesema ntauliza hahaha. Kaka nisaidie kweli maana mteja amerudisha DVD zote. Nimehariri kwa Kdenlive, nikatoa MP4 safi kabisa ya full HD, nikaichoma kwa Xfburn, imechoma hadi mwisho bila kosa lolote, kwa deki ya bibi harusi haisomi. Kwa deki yangu ya ofisini inasoma. Nikaweka K3b kama ulivyosema, nikachagua Video DVD, nikaburuta MP4 inaikataa, inanionyesha folda mbili VIDEO_TS na AUDIO_TS. Sielewi naweka nini humo.

FundiWaGeti

Pole sana ndugu yangu. Ngoja nikueleze yote kwa utulivu maana hili ndilo linawaua watu wengi.

Deki ya DVD ya kawaida haijui MP4. Deki yako ya ofisini ni ya kisasa kidogo ina uwezo wa ziada ndio maana. DVD ya video inayokubalika kila deki ni hivi: picha ni MPEG-2, kwa huku kwetu PAL ya 720 kwa 576 yenye fremu 25 kwa sekunde, sauti AC3 au zinazofanana nayo, vyote vimefungwa kwenye mafaili ya VOB pamoja na IFO na BUP, yakakaa ndani ya folda ya VIDEO_TS, na diski yenyewe lazima iwe na mfumo wa mafaili wa UDF pamoja na ule wa ISO 9660. Full HD hapo haipo hata ufanyeje, ukitaka HD ni Blu-ray.

Kwaiyo kuna kazi mbili tofauti na K3b anafanya ya pili tu. Ya kwanza ni kuitengeneza hiyo VIDEO_TS, na programu zake ni DVDStyler, hii ina menyu nzuri za kuweka picha ya maharusi na vitufe vya Kanisani, Ukumbini, Zawadi, au DevedeNG ambayo ni rahisi zaidi ila menyu zake za kawaida. Ukimaliza zinakupa folda au ISO. Ya pili ndiyo kuchoma.

Na ile sababu niliyosema ntaieleza: Xfburn inatengeneza mfumo wa mafaili kwa libisofs, na libisofs haitengenezi UDF. Ndio maana haina Video DVD. Ila ISO iliyokwisha kutengenezwa na DVDStyler inaichoma vizuri tu, maana hapo UDF imo tayari, yeye anamwaga biti kama zilivyo.

Kama huogopi terminali njia nzima ni hii:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -b:v 4600k harusi.mpg
export VIDEO_FORMAT=PAL
dvdauthor -o harusi_dvd -t harusi.mpg
dvdauthor -o harusi_dvd -T
growisofs -dvd-compat -speed=4 -Z /dev/sr0 -dvd-video harusi_dvd

Hiyo 4600k nimeiweka kwa sababu. Ukiacha pal-dvd peke yake inachukua 6000k, na harusi ya saa mbili haitaingia kwenye diski. Hesabu yake sio ngumu: diski ina takriban baiti bilioni 4.7, zidisha kwa 8 upate biti, gawanya kwa sekunde za filamu. Saa mbili ni sekunde 7,200, unapata kama megabiti 5.2 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja. Toa sauti na akiba kidogo, inabaki hapo hapo 4.6. Harusi ya saa moja unaweza kupanda hadi 8, usizidi sana hapo, kiwango chenyewe kinaishia 9.8 kwa picha na deki za bei nafuu zinaanza kukwama kabla hazijafika. Ya saa nne usiibane kwenye diski moja jamani, sura za watu zinakuwa maboksi, fanya diski mbili.

Na -dvd-compat usiisahau, inafunga diski ili deki isiione kama bado iko wazi.

SandukuLaPicha

Dah, ubarikiwe sana. Kwaiyo miaka yote kwenye Nero kumbe alikuwa anageuza kimya kimya. Diski ninazo za aina mbili, DVD-R na DVD+R, ipi nitumie?

FundiWaGeti

Kwa deki za zamani sana DVD-R ndiyo inakubalika zaidi, hata zile zilizotoka kabla ya DVD+R zinaisoma. DVD+R nayo ina ujanja wake, draivu nyingi zinaweza kuipa alama ijitambulishe kama DVD-ROM ya kiwandani, na ikiwa hivyo deki zenye ubishi zinaikubali. Chagua moja uizoee. Mimi kwa wateja wa vijijini natumia DVD-R.

cyber_nakuru

Niaje wadau. Mimi niko na cyber hapa Nakuru, tunaburn sana vitu za wanafunzi wa chuo, project na software. Nina mambo mawili. La kwanza, DVD imeandikwa 4.7 GB, folda yangu file manager inasema 4.5 GB, nikiweka inakataa inasema haitoshi. La pili kuna jamaa ako na faili moja ya virtual machine ya 6 GB, anataka kwa DVD ya 8.5, inagoma kabla hata haijaanza. Nimetumia Brasero na K3b zote.

FundiWaGeti

Karibu sana boss. La kwanza ni vipimo viwili tofauti. Kiwanda kinahesabu GB kwa kuzidisha 1,000, kompyuta nyingi zinazidisha 1,024. Baiti zile zile bilioni 4.7 kwa hesabu ya pili ni 4.38 tu. Kwaiyo kama programu yako inahesabu kwa 1,024 kikomo chako ni 4.38, na ile ya tabaka mbili ya 8.5 ni kama 7.96. CD ya 700 MB yenyewe bahati nzuri imeandikwa kwa hesabu ya 1,024 tayari.

La pili, ISO 9660 kwa kawaida hairuhusu faili moja kuzidi GB 4. Kuna njia ya kulikata ndani kwa ndani, inaitwa iso-level 3. Kwenye genisoimage lazima uiandike mwenyewe, xorriso ndiyo chaguo lake la kawaida. Linux wanalisoma vizuri, Windows za sasa pia. Ila kama hujui litasomwa wapi, likate faili kwa split au 7z vipande vya GB 2, hapo hakuna mashine itakayolalamika.

Na kwa wanafunzi hakikisha Joliet na Rock Ridge zote zimewashwa. Rock Ridge inahifadhi majina marefu na ruhusa za mafaili kwa Linux, Joliet ni kwa Windows na kwa kawaida inaishia herufi 64, jina la faili lililo kama sentensi nzima linakatwa.

mzee_terminali

Salaam kwenu nyote. Fundi umeeleza vyema, naomba niongeze upande wa wale tusiotaka dirisha. Mimi natunza mafaili ya ofisi, kila mwezi diski moja, na nimebaki na xorriso peke yake kwa kazi zote za data. Napenda kwa sababu inaniambia inachofanya.

Kujua draivu ipo na nina ruhusa:

xorriso -devices

Kutengeneza ISO kwanza, maana sipendi kuchoma moja kwa moja kutoka kwenye folda wakati kuna mtu anaendelea kuandika humo:

xorriso -as mkisofs -r -J -V OFISI_MACHI -o machi.iso /srv/ofisi/machi

Kuichoma:

xorriso -as cdrecord -v dev=/dev/sr0 speed=8 machi.iso

Na kuhakiki, hapa ndipo watu wanaporuka, diski ikitoka wanaandika kwa maka wanaweka kabatini:

cmp -n $(stat -c %s machi.iso) machi.iso /dev/sr0

Itoe diski uirudishe ndani kabla ya kuhakiki ili mashine isome diski yenyewe na sio kumbukumbu iliyobaki kwenye RAM. Ikikaa kimya bila kuandika kitu, vimefanana baiti kwa baiti.

Hiyo -n ni ya lazima, vijana. Bila hiyo cmp inaendelea kusoma kupita mwisho wa ISO, na kwenye CD iliyochomwa kwa TAO kuna bloku mbili za mwisho zisizosomeka, mtu anapata input/output error anadhani diski imekufa kumbe data yake yote ipo salama. Wengi wanatupa diski nzima kwa ajili ya hilo.

FundiWaGeti

Mzee shikamoo, na asante sana. Hili la kuhakiki naomba kila mtu alisome mara mbili. Kwenye K3b ni kiboksi kimoja tu cha kuhakiki data iliyochomwa, kiweke tiki kila mara. Kwa harusi ya mtu ambayo haitarudiwa dakika kumi za kuhakiki ni kidogo sana.

mzee_terminali

Marahaba.

dada_stesheneri

Mimi natumia Mint, K3b iliniambia haioni draivu yoyote, Brasero nayo inaonyesha faili la picha tu kama sehemu ya kuchomea. Draivu ni ya nje ya USB, taa inawaka. Nimejaribu diski tofauti. Kuna wakati inaona na inaanza, inafika nusu inasema Medium Error.

FundiWaGeti

Dada yangu tuanze na umeme. Draivu hizi nyembamba za nje nyingi zina waya wenye vichwa viwili vya USB, na watu wanachomeka kimoja. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, kuwasha taa na kusoma inatosha, leza ikianza kuchoma inahitaji zaidi, draivu inazima na kuwaka, mfumo unaipoteza. Chomeka vichwa vyote viwili, kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, na usipitishe kwenye hab isiyo na umeme wake. Baada ya hapo angalia kama ipo:

ls -l /dev/sr0

Ikiwepo lakini programu haiioni, basi ni ruhusa. Kwenye Mint, Ubuntu na Debian hakikisha mtumiaji yuko kwenye kundi la cdrom:

sudo usermod -aG cdrom $USER

Halafu toka kabisa kwenye akaunti uingie upya. Usifungue K3b kwa sudo kama suluhisho la kudumu, itakuachia mafaili ya mipangilio yanayomilikiwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo) na kesho haifunguki kwa kawaida. Na kama uliiweka kwa snap (njia nyingine ya kuweka programu) badala ya apt, iondoe uweke ya apt, snap inafungiwa isiguse draivu hadi uiruhusu.

Kuhusu Medium Error, hiyo ni kauli ya draivu yenyewe, sio ya programu. Kwenye maandishi ya kosa utaona SK=3 na namba nyingine, tatu maana yake diski au lenzi. Ukiona SK=5 ndio uanze kushuku programu au mpangilio, maana draivu inasema umeiomba kitu isichokijua. Ukiona Device or resource busy, ni meneja wa mafaili ameifungua diski, fanya umount /dev/sr0 uendelee.

dada_stesheneri

Waya wa pili niliuweka kwenye droo nikijua ni wa akiba jamani. Nimeuchomeka, imeonekana palepale! Nimechoma mbili zimeenda, ya tatu Medium Error tena. Diski za boksi lile lile.

FundiWaGeti

Basi umeme umeisha sasa ni diski. Weka moja tupu humo kisha andika:

dvd+rw-mediainfo /dev/sr0

Kwenye mstari wa Media ID utaona kodi, yaani alama ya utambulisho, ya kiwanda kilichotengeneza hiyo diski kweli, ambacho mara nyingi sio jina lililoandikwa juu ya boksi. Boksi mbili za jina moja zinaweza kuwa na kodi tofauti, na jina tofauti zikawa na kodi moja. Andika pembeni kodi za diski zinazokuendea vizuri kwenye draivu yako, ukienda dukani nunua moja ya kujaribia kabla ya kubeba boksi la 50. Mafaili yakiwa kwenye fleshi yahamishie kwenye diski kuu kwanza. DVD ya 8x inakula kama MB 11 kwa sekunde mfululizo, fleshi za bei chee zinashindwa, na ingawa draivu za sasa zina kinga ya kusimama na kuendelea, zikisimama simama sana diski inakuwa na viraka.

cyber_nakuru

Boss na kwa nini tusiwapatie watu flash tu? Naulizwa hii kila siku.

mzee_terminali

Naomba nijibu hilo mimi. Fleshi naipenda kwa kubebea. Ila diski ya kuchoma mara moja ikifungwa hakuna anayeweza kubadili kilichomo, sio kirusi, sio karani, sio mtu aliyefuta kwa bahati mbaya. Fleshi inayozunguka ofisi kumi inarudi na virusi vya ofisi kumi. Kwa nyaraka nataka kitu kisichoandikika tena.

Lakini diski nayo ina masharti. Rangi ya CD-R na DVD-R ni ya kikaboni, jua na joto vinaifuta, kwa sisi tunaokaa pwani unyevu nao upo. Ziwekwe wima kwenye kasha, gizani, zisiandikwe kwa kalamu ya wino mkali wala kubandikwa karatasi. Na kila faili muhimu nakala mbili kwenye diski za viwanda tofauti. Kuna programu inaitwa dvdisaster, inaongeza data ya kusahihisha makosa ndani ya ISO kabla hujachoma, ukiacha asilimia 15 au 20 ya nafasi kwa ajili yake, diski ikija kuchubuka inarudisha sehemu zilizopotea. Mimi natumia mbinu yake inayoitwa RS03. Mafaili yakiwa machache kuliko diski, nafasi iliyobaki kwa nini iende bure.

Mwanahifadhi

Nimefuatilia kimya hadi hapa, uzi wa maana sana. Mimi nina DVD za marehemu baba, mahojiano aliyorekodiwa miaka ya 2000, moja inasoma hadi katikati inaganda na meneja wa mafaili naye anaganda. Nina Xubuntu. Naomba kujua kama kuna namna ya kuiokoa kabla sijaipeleka kwa fundi wa kusugua.

FundiWaGeti

Pole kwa kumpoteza mzee. Usiisugue kwanza, na usiendelee kuifungua kwa meneja wa mafaili. Weka gddrescue kwa apt, hakikisha diski kuu ina nafasi ya GB 5, halafu:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 baba.iso baba.map
ddrescue -b 2048 -d -r3 /dev/sr0 baba.iso baba.map

Ya kwanza inachukua haraka vyote vinavyosomeka na kuruka vibovu, ya pili inarudi kwenye vibovu peke yake. Lile faili la map ndilo linalokumbuka ilipofika, usilifute. Uzuri wake unaweza kuitoa diski, ukaipeleka kwenye kompyuta nyingine yenye draivu tofauti pamoja na baba.iso na baba.map, ukaendelea pale pale, na draivu tofauti mara nyingi inasoma kile nyingine iliyoshindwa. Diski ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Ikikamilika fungua baba.iso kwa VLC moja kwa moja, na kama kuna sekunde chache zimepotea picha itaruka kidogo tu iendelee.

Kama diski ilitoka kwa mpiga video na haikufungwa, ISO inaweza kuja ndogo kuliko unavyotarajia. Ikiwa hivyo weka hapa majibu ya dvd+rw-mediainfo tuangalie pamoja.

Mwanahifadhi

Ya kwanza imemaliza sasa hivi, inasema asilimia 97 imeokolewa. Naanza ya pili.

FundiWaGeti

Iache usiku kucha, isikusumbue ikionekana imesimama. Laptopu izimie usingizi kwenye mipangilio ya umeme isije ikalala.